Bendera Mlangoni, Jina Nyumbani: Maoni juu ya Alama za Heshima kwa Askari na Waokoaji

Swali la kama raia aweza kupandisha bendera mbele ya nyumba yake, ili kumheshimu mwanawe aliye jeshini au aliyekufa akizima moto, laonekana kuwa dogo. Wengi wetu hatujapata kuliuliza. Hata hivyo ndani yake mmejificha swali kubwa ambalo Taifa lolote lililopata kupeleka vijana wake vitani haliwezi kulikwepa: heshima ya mtu aliyejitoa ni mali ya nani? Ni ya Dola, ni ya kikosi chake, au ni ya nyumba iliyomzaa? Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kwa jicho la mhakiki, yaani kuzisoma alama zenyewe kama tusomavyo shairi, na kuuliza zinasema nini na zinanyamazia nini. Mfano wangu utakuwa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, kwa sababu huko maneno makubwa ya mjini hupimwa kwa mizani ya kijiji.

Yafaa tuanze mbali ili tupaone kwetu vizuri zaidi. Katika nchi ya Marekani, mamilioni ya watu huishi katika mitaa ambamo mnunuzi wa nyumba, kwa hati ile ile ya kununulia, hujifunga na masharti ya chama cha wenye nyumba. Masharti hayo husema kuta zipakwe rangi gani, majani yakatwe kwa urefu gani, gari liegeshwe wapi, na mlingoti wa bendera usimamishwe au usisimamishwe. Avunjaye hutozwa faini. Magomvi yalipozidi, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyotiwa sahihi mwezi Julai 2006, ikavizuia vyama hivyo kuikataza bendera ya taifa. Juu ya bendera za majeshi sheria hiyo haikusema neno. Majimbo yakaliziba pengo kila moja kwa namna yake. Florida, kwa mfano, humruhusu mwenye nyumba kupeperusha pia bendera ya jeshi la nchi kavu, la majini, la anga na mengineyo, au ile ya kuwakumbuka mateka wa vita na waliopotea, ilimradi isizidi futi nne na nusu kwa futi sita. Mwaka 2023 ikaongeza bendera ya waokoaji, yaani polisi, wazimamoto na wahudumu wengine wa dharura.

Ukiisoma sheria hiyo kama utungo, utaona ina kasoro ya kila orodha: kila anayetajwa humkumbusha msomaji yule ambaye hakutajwa. Leo ameingizwa mzimamoto. Kesho mwalimu atauliza, na keshokutwa mchimba makaburi wa wakati wa tauni. Tena kilichoanza kama kilio cha mzazi kimegeuka kuwa kipimo cha futi. Lakini kasoro iliyo kubwa zaidi ni kwamba bendera ya kikosi, ikishapandishwa mlangoni, haibaki kuwa salamu kwa mtu mmoja. Marekani kuna bendera ya weusi na weupe yenye mstari mmoja wa buluu, ambayo wenye kuipeperusha husema ni ya kuwaheshimu polisi. Jirani mmoja huiona rambirambi. Jirani wa pili, ambaye pengine ana malalamiko juu ya polisi, huiona kitisho. Kitambaa ni kile kile, upepo ni ule ule, na ukuta baina ya nyumba hizo mbili umekuwa mrefu zaidi.

Haki itendeke lakini. Wamarekani wanayo alama moja ya nyumbani ambayo mhakiki hana budi kuisifu. Tangu mwaka 1917 familia za huko hutundika dirishani kitambaa cheupe chenye ukingo mwekundu, na ndani yake nyota ya buluu kwa kila mtoto wa nyumba hiyo aliye vitani. Akifa, nyota yake huwa ya dhahabu. Alama hiyo haihubiri. Inahesabu watoto tu, kama mama ahesabuvyo sahani jioni. Ila nayo hukoma pale pale ambapo swali letu linaanza, kwani nyota haina jina.

Sasa turudi kwetu. Anayepanda Mgeta kutoka Mzumbe, katika Wilaya ya Mvomero, hupita matuta ya ngazi yaliyochongwa mlimani, mashamba ya kabichi, njegere na viazi mviringo, miti ya matunda ya nchi za baridi, na vijiji kama Langali, Nyandira na Bunduki, ambacho jina lake humfanya mgeni atabasamu. Bendera ataziona. Ataiona ya Taifa penye shule, penye ofisi ya kata, penye kituo cha polisi. Na ataziona za vyama vya siasa juu ya miti na mapaa. Lakini nyumba yenye bendera ya jeshi haioni. Si kwamba nyumba za huko hazijatoa askari. Ni kwamba kwetu jambo hilo halifanywi, na halifanywi kwa sababu mbili: sheria na historia. Sheria ni fupi, nitaipitia haraka.

Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971 inazilinda bendera na nembo zisichezewe wala zisitumiwe ovyo bila idhini. Bendera yetu ina adabu zake. Saa kumi na mbili jioni askari anapoishusha kituoni, mpita njia husimama na mwenye baiskeli hushuka. Mambo ya jeshi yana ulinzi mkali zaidi: mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku saba wazisalimishe sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Katika nchi ambamo raia hatakiwi kuvaa hata kofia yenye mabaka ya kijeshi, sembuse kupandisha bendera ya kikosi juu ya paa lake! Mara moja moja ulinzi huu hupita kiasi. Mwishoni mwa mwaka 2018 lilitoka agizo la kuzuia wimbo wa Taifa na bendera visitumiwe bila kibali, na Rais Magufuli akalitengua baada ya siku chache. Alifanya vema. Mtoto anayehitaji kibali ili aimbe wimbo wa nchi yake atajifunza kuogopa karatasi kuliko kuipenda nchi.

Historia ndiyo iliyo na maneno mengi. Wazee wetu hawakuijua bendera kwanza kama alama ya heshima. Waliijua kama alama ya kunyang'anywa. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters na wenzake walipita Useguha, Nguru, Usagara na Ukami, yaani nchi hii hii iliyoizunguka Morogoro, wakiwatia watemi sahihi katika mikataba wasiyoweza kuisoma na kupandisha bendera ya Wajerumani mbele ya nyumba zao. Kitambaa kilichopokewa asubuhi kama zawadi ya mgeni kilikuwa jioni hati ya kumiliki nchi. Miaka minne baadaye, Agosti 1888, Pangani iliwaka kwa ugomvi huo huo, Kampuni ya Kijerumani ilipotaka bendera yake ipepee mjini na ikaivunjia heshima bendera ya Sultani iliyokuwa katika nyumba ya Liwali. Hemedi bin Abdallah el Buhriy aliitungia vita iliyofuata utenzi mzima. Ni jambo la kufaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba ugomvi wa bendera juu ya nyumba ni anasa ya matajiri wa ng'ambo. Kwetu umekwisha mwaga damu.

Kwa hiyo Tanganyika ilipopandisha bendera yake usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na Jamhuri ya Muungano ilipoiunganisha na ya Zanzibar mwaka 1964 na kupata kijani, nyeusi, buluu na manjano ya dhahabu, shauku ya viongozi ilikuwa kwamba bendera iwe moja na iwe ya wote. Na jeshi pia. Jeshi la kikoloni liliasi Januari 1964 likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likaanzishwa jipya lililoitwa Jeshi la Wananchi. Hebu tulisome jina hilo kama tusomavyo kipande cha shairi. Halisemi jeshi la mfalme, wala la serikali, wala la taifa. Linasema la wananchi, na mwananchi ana kwao, ana mlango, ana mama. Jina lenyewe limekwisha kukiri kwamba askari huyu alitoka nyumbani kwa mtu. Ni jina zuri kuliko majina yote ya majeshi niliyopata kuyasikia, na ndiyo sababu tuna haki ya kulidai litimize lilivyosema.

Msomaji ataniuliza: je, si kweli kwamba zamani nyumba zetu zilikuwa na bendera? Ni kweli. Tangu katikati ya miaka ya 1960, balozi wa nyumba kumi alijulikana kwa bendera ya TANU iliyopandishwa nyumbani kwake, na baada ya tarehe 5 Februari 1977 kwa ile ya CCM yenye jembe na nyundo. Hiyo ndiyo bendera pekee ya nyumbani ambayo vijiji vya bara vimeizoea kweli kweli, na kwa mgeni aliyefika usiku ilikuwa na faida kubwa, maana ilimwonyesha mlango wa kupiga hodi. Lakini ilisema nani anawajibika, haikusema nani ameondokewa. Balozi akihama, bendera ilihama. Na tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992, bendera juu ya paa imekuwa kauli ya upande. Hapo tumefanana na Marekani bila kujua: jirani huitazama na kukisia utapiga kura wapi. Si bure kwamba Kiswahili, katika methali zake, kimemfananisha mtu asiye na msimamo na bendera ifuatayo upepo. Lugha iliyosema hivyo haikukiamini sana kitambaa.

Nini basi lugha yetu imekiamini? Kabla ya kujibu, nataka kuuhakiki ushairi wetu wenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilienea shuleni, kwa jitihada kubwa za Mathias Mnyampala na chama cha UKUTA. Ngonjera ilikuwa silaha njema. Iliwafundisha watu wasiosoma gazeti. Lakini katika habari ya bendera ngonjera nyingi za shuleni ziliota mizizi mahali pamoja: mtoto wa kwanza ni kijani na hutaja mashamba, wa pili ni nyeusi na hutaja watu, wa tatu buluu na maji, wa nne dhahabu na madini. Wazazi hupiga makofi. Wale walio "nyeusi" hawana uso. Hakuna mtoto wa tano anayesimama na kusema: nyeusi ni mjomba wangu fulani, wa Kikeo, aliyekwenda mwaka fulani na hakurudi. Utenzi wa kale haukuwa hivyo. Mtunzi wa tenzi za vita alimtaja mtu kwa jina lake, kwa baba yake na kwa mji wake, hata wakati wa kumlaumu. Na Henry Muhanika alipoiandika Vita vya Kagera kwa utenzi mwaka 1981 alikuwa akifuata njia hiyo ya wazee, ya kuisimulia vita kama mambo yaliyowapata watu. Tumeiacha njia hiyo mapema mno, tukashika ya rangi, kwa kuwa rangi haina ndugu wa kuja kudai kitu.

Kudai nini? Hapa ndipo Mgeta inapotufundisha. Mwaka 1916 Wajerumani walirudi nyuma kupitia Uluguru wakifuatwa na majeshi ya Waingereza, ambayo yaliingia Morogoro mwezi Agosti. Majeshi hayo mawili yakatazamana kandokando ya mto Mgeta, kule chini unakoshuka kutoka milimani, mpaka Januari 1917. Pande zote mbili zilichukua vyakula, na pande zote mbili zilichukua watu wa kubeba mizigo. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Waswahili wakalitamka wawezavyo, na leo jina hilo ni soko la Dar es Salaam, Kariakoo. Huo ndio ukumbusho wao mkubwa: mahali pa kununulia vitunguu, ambavyo vingine vimeteremka kutoka Mgeta.

Dar es Salaam hiyo hiyo mna Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann. Askari wa shaba amesonga mbele na bunduki yake, na chini yake pameandikwa, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, maneno yaliyotungwa na Rudyard Kipling. Maneno hayo yanaahidi kwamba wana wa waliokufa watalikumbuka jina la baba yao. Ahadi hiyo ni tamu, na ufundi wa mchongaji ni wa hali ya juu, wala sioni haya kuusifu. Lakini izunguke sanamu yote, upande hata upande, hutaliona jina la mtu hata mmoja. Ni shairi linaloahidi jambo katika ubeti wake wa kwanza na kulivunja katika ubeti huo huo. Iliwachukua wenyewe zaidi ya karne kukiri: mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa kwamba baina ya watu 45,000 na 54,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao Waafrika na Waasia, hawakukumbukwa sawa na wenzao; na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wazungu waliokufa waliwekewa mawe yenye majina. Wapagazi waliwekewa soko.

Tusimcheke Mwingereza upesi. Sisi wenyewe tumefanya nini? Kwa waliokufa katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 tumefanya jambo jema: makaburi ya mashujaa yako Kaboya, katika Wilaya ya Muleba, yanatunzwa na yanatembelewa. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao penye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, Meya huweka upinde na mshale, na mwakilishi wa wapiganaji wa zamani huweka shoka. Mimi nalitazama tendo hilo kama mchezo wa kuigiza ulio bora kuliko mingi iliyoandikwa na waandishi wetu. Hakuna hotuba, vyombo ndivyo vinavyosema. Tena ni vyombo vya nyumbani: shoka na sime havikutoka katika ghala ya Ulaya, vilitoka nyuma ya mlango. Kasoro yake ni moja tu, kwamba kutoka nyuma ya mlango vilikwenda mjini, na havikurudi.

Tumfikirie mama mmoja wa Nyandira, ambaye nambuni kwa ajili ya hoja hii. Mwanawe aliingia jeshini, akapelekwa kulinda amani Kongo, akafa, kama walivyokufa askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliposhambuliwa Semuliki, Kivu ya Kaskazini, tarehe 7 Desemba 2017. Jeneza hufunikwa bendera ya Taifa, risasi hupigwa, wakubwa husema maneno ya kweli. Kisha magari hushuka mlima. Mama huyu hatapandisha bendera ya jeshi, kwa kuwa si yake. Hawezi kwenda Kaboya, maana mwanawe hayuko huko. Mtoto wa shule anayepita mlangoni pake kila asubuhi, akienda kuimba rangi nne chini ya mlingoti, hajui kwamba "nyeusi" alitoka nyumba hiyo.

Wako watakaosema: basi sheria ilegezwe, familia ya askari, ya polisi au ya mzimamoto iruhusiwe kupandisha bendera ya kikosi, kama huko Florida. Naielewa huruma yao, lakini siwezi kukubaliana nao. Kwanza, bendera ya kikosi humtukuza aliye hai mwenye amri zaidi kuliko aliyekufa akitii. Pili, katika kijiji itazaa madaraja: nyumba ya koplo na nyumba ya mgambo, na wale mgambo waliotoka vijijini kwenda Kagera walikuwa wengi. Tatu, katika mlima kama Mgeta, mwokoaji ni nani? Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililowekwa na sheria ya mwaka 2007, hufanya kazi ya kishujaa, lakini gari lake halipandi upesi kwenye barabara ya udongo uliolowa. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya saa chache ilileta maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 katika eneo la Mgeta. Mlima ukishuka namna hiyo, anayefika kwanza ni jirani mwenye jembe. Huyu hana kikosi, kwa hiyo hana bendera. Na akifa akifukua, orodha ya Florida haitampata.

Nne, na hii ndiyo hoja ninayoithamini zaidi, bendera moja ya wote imekwisha kutuonyesha inachoweza. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Hawakuwa mashujaa kwa maana ya gwaride. Wengine wakasema kwa ukali kwamba wamejiua kwa tamaa. Serikali ikatangaza siku tatu za maombolezo, na bendera ikapepea nusu mlingoti kwa ajili yao. Hakuna bendera ya kikosi ingeshuka kwa vijana wale wa bodaboda na wachuuzi waliokuwa na madumu mikononi. Ile ya wote ilishuka. Siku zile ndipo rangi nyeusi ilipopata uso, na waliokuwa na ulimi mkali walinyamaza kidogo.

Bendera basi ibaki moja, na ibaki mlingotini. Nyumba inahitaji kitu kingine, na kitu hicho Waluguru wanacho tangu kale. Katika ukoo wa Kiluguru, ambao nasaba yake hufuatwa kwa mama, jina la aliyekufa haliachwi lilale. Hupewa mrithi, naye huvikwa pamoja nalo nafasi ya marehemu, majukumu yake na hata namna ya kuitwa na jamaa. Ndivyo ilivyo kwamba kiongozi wa Kinole, upande wa pili wa milima, huitwa Kingalu kizazi baada ya kizazi. Mgeni akisikia habari za Kingalu za miaka mia tofauti hudhani wanamzungumza mtu mmoja, na kwa maana fulani hakukosea. Hii ni alama ya heshima isiyochakaa kwa mvua, isiyo na kipimo cha futi, na isiyomtisha jirani. Kipling aliiahidi katika shaba. Watu wa mlimani walikuwa wakiitenda bila kuiandika.

Lakini jina lililorithiwa ndani ya ukoo hubaki ndani ya ukoo. Taifa halilijui. Na Dola inayo majina mengi katika majalada yake ambayo kijiji hakiyajui. Pande hizi mbili hazijakutanishwa, na kazi ya kuzikutanisha si kazi ya fedha nyingi. Ofisi ya kata ina ukuta. Ukuta waweza kupakwa chokaa na kuandikwa majina ya wana wa kata waliokufa kazini: wapagazi wa 1916 ambao wazee bado wanawataja, askari waliokwenda Burma wakati wa vita vya pili, mgambo wa Kagera, walinda amani, polisi, mzimamoto, muuguzi aliyeambukizwa na mgonjwa wake, jirani mwenye jembe. Jina, kijiji, mwaka. Cheo kisiandikwe. Ubishi utakuwapo juu ya nani aingie, na mtendaji wa kata atachoka. Afadhali ubishi huo kuliko ule wa futi, maana wenye kubishana watalazimika kusimuliana habari za wafu wao.

Na tarehe 25 Julai, wakati Dodoma au Dar es Salaam wanaweka mkuki na ngao, Mgeta ukungu ukiwa bado haujapanda, mwanafunzi ayasome majina hayo chini ya bendera ile moja, polepole, bila ngonjera. Likisomwa jina ambalo ukoo umelirithisha, mwenye kulichukua, awe mzee au mtoto wa darasa la tatu, aitike.